Kipoza Oili cha Injinia Venant

Venant alikuwa amekaa kwenye tairi bovu mbele ya gereji yake, Igoma, akisubiri mtu mwenye gari kubwa na akili ndogo, pale Subaru ya buluu ilipoiacha barabara ya Musoma na kuingia kwenye vumbi lake. Gari lilikuwa na tundu la kunyonya hewa juu ya boneti na bomba la moshi ambamo ngumi ingepita bila shida. Mlango ukafunguliwa. Akashuka mama wa miaka hamsini na kitu, kitenge kiunoni, kandambili miguuni, miwani ya kusomea ikining'inia kifuani.

Venant alimshukuru Mungu, ambaye hakuhusika.

Kwa mujibu wa bango lake, Venant alikuwa injinia. Kwa mujibu wa vyuo vyote nchini, hakuwa. Biashara yake ilikuwa moja: kufunga vipoza oili kwenye magari ya mbio. Kifaa chenyewe si uongo. Injini ikikimbizwa sana, oili hupata moto hadi ikashindwa kuilinda. Basi huzungushwa kwa mipira hadi kwenye kitu kama rejeta ndogo nyuma ya bampa, ikapoe, na filta huhamishwa kutoka chini ya injini hadi mahali mkono unapofika. Kifaa halisi cha namna hiyo Venant alikuwa nacho kimoja tu, kilichotolewa kwenye gari la mashindano lililopinduka. Hicho kilikuwa cha kuonyesha. Alichokuwa akifunga ni kondensa ya AC ya Vitz iliyopakwa rangi nyeusi, mipira miwili iliyozibwa kwa vipande vya mti, na filta mpya inayong'aa, isiyounganishwa na kitu chochote duniani. Filta ya zamani ilibaki kulekule chini, ikifanya kazi yote.

Kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika. Wateja wake walikuwa vijana wa mjini walionunua gari la kukimbia kilomita mia mbili kwa saa wakaliendesha kutoka tuta hadi tuta, wakaegesha ufukweni Capri Point, wakafungua boneti na kupiga picha. Oili yao haikuwahi kupata moto. Venant aliwatibu ugonjwa wasiokuwa nao, na wote walipona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia?"

"Ndiye mimi. Gari la mwanao hili?"

"Langu. Mwanangu anaogopa kuliendesha." Mama alijitambulisha: Paskazia, mnunuzi wa mabondo, Mkuyuni. Venant alisikia neno hilo kama wengine wanavyosikia kengele ya chakula. Bondo la sangara, lile puto la ndani ya samaki, likikaushwa huuzwa ng'ambo kwa bei inayomfanya mwuza minofu ajione mjinga. Kila mtu Mwanza anaijua bei hiyo. Walioshika bondo mkononi ni wachache.

"Wiki hadi wiki nakimbilia mzigo Musoma na Bunda," alisema Mama Paskazia. "Anayewahi ndiye anayechagua. Injini ya kwanza ilikufa, fundi akasema oili iliungua. Hii ya pili ikifa, mwanangu, nimefunga biashara."

"Haifi." Venant alitoa kifaa halisi kwenye kitambaa cheupe, kama padri. "Pima uzito."

Mama alikipokea, akavaa miwani, akakigeuza, akachungulia tundu moja baada ya jingine. "Kizuri. Nitakaa hapa niangalie unavyokifunga."

"Hapana, mama. Kazi ya saa tatu hii, na vumbi. Mtu akipita tu, chembe moja ikiingia kwenye mipira, injini kwisha. Hata mimi mwenyewe naziba pumzi."

"Unaziba pumzi kwa saa tatu?"

"Kwa zamu."

Mama Paskazia alivuka barabara, akanunua soda, akakaa. Bei walikuwa wameelewana: ingelipwa baada ya majaribio. Saa tatu baadaye boneti ilifunguliwa na kila kitu kiling'aa. Mama aliendesha hadi Kisesa na kurudi, mara mbili, kwa mwendo ambao bodaboda wa Igoma waliuzungumzia siku nzima. Akazima injini. Akasubiri dakika tano. Kisha akavuta stiki ya oili, akaifuta, akaichovya tena, akaisoma.

Oili ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi.

Hapa panahitaji maelezo ya darasa la nne. Kipoza na mipira yake vina nafasi ndani. Injini ikiwashwa, oili huijaza nafasi hiyo, na kwenye stiki lazima ishuke. Fundi wa Mama kule Mkuyuni, Nestory, alishamwambia kwamba angehitaji kuongeza karibu lita moja. Nestory angemfungia mwenyewe tangu mwezi uliopita, ila kifaa halisi hakikupatikana mji mzima. Mama aligusa mpira wa kwanza. Wa baridi. Wa pili, wa baridi vilevile.

"Injinia," alisema, "hii kazi sijapata kuiona."

"Wengi husema hivyo."

"Nina wenzangu watatu Bunda, wana magari kama hili. Wote wanataka. Lakini wabishi, mpaka washike. Niazime kile cha kuonyesha, Ijumaa nakurudishia pamoja na wao."

"Sampuli haitoki gerejini, mama. Hata angekuja askofu."

"Simpi askofu. Nakuachia dhamana."

Akafungua buti. Mlikuwa na gunia lililoshonwa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Juu yalilala mabondo mawili makubwa, ya manjano, yanayopitisha mwanga.

"Kilo sita. Ni dhamana ya sampuli, na ya hela yako ya leo. Ila usilifungue. Unyevu wa ziwa ukiingia, rangi inakufa, na bei inakufa nayo. Sisi wenyewe tunayahamisha tumeziba pumzi."

Venant aliinamisha kichwa kwa heshima ya fani. Kichwani alishapiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili gereji ilitoka ikiwa ndogo sana. Mama aliposhona mdomo wa gunia, yeye mwenyewe alimbebea kifaa hadi kwenye gari.

Kesho yake asubuhi Venant aling'oa bango, akamrudishia mwenye kiwanja ufunguo, akamwambia ameitwa Dodoma kwa kazi ya serikali. Saa nne alikuwa Nyamagana, ofisini kwa mnunuzi mmoja aitwaye Kashaija, mtu mkavu ambaye kila bondo aliliinua kwanza dirishani kabla hajasema neno.

La kwanza aliliinua, akaliweka. La pili vivyo hivyo. La tatu alilishika, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kaka, hili lina nywele."

"Ni... aina ya huko Bunda."

"Ni ngozi ya ng'ombe. Imechemshwa, ikakatwa kwa umbo, ikakaushwa." Kashaija alimwaga gunia lote mezani, akaanza kutabasamu. "Haya nayajua. Bwana mmoja wa Ukerewe alimwuzia Mama Paskazia miaka minne iliyopita. Mama akaja kunionyesha, nikamwambia ayatupe. Akasema hatupi, ipo siku."

"Haya mawili ya juu je?"

"Safi kabisa. Leseni yako ya kununua mabondo iko wapi?"

Venant alipapasa mifuko, kana kwamba leseni ingeota humo.

"Basi hata hayo siyagusi. Usisahau gunia."

Nje, juani, simu ililia: ujumbe. Venant aliusoma akiwa amekumbatia ngozi za ng'ombe zilizomfanya ayahame maisha yake.

*Injinia, habari. Nestory amefunga leo asubuhi, mlango wazi, vumbi tele. Stiki imeshuka, nimeongeza lita moja kasoro kidogo. Mipira yote miwili inaunguza mkono. Kondensa yako ya Vitz nimekuwekea hapa Mkuyuni. Lete ngozi zangu na mabondo yangu mawili, uchukue. Bado zina kazi.*

Aliusoma tena, akitafuta tusi ndani yake, hakuliona. Ulikuwa ni utaratibu tu wa watu wawili wenye biashara, kila mmoja akihitaji vifaa vyake.

Akasimamisha bodaboda, akalipakata gunia kwa uangalifu lisifunguke.

"Mkuyuni," alisema. "Taratibu, nina mzigo."