Macho Manne na Mafuta ya Mawese

Jumatatu, 9 Juni
Nimeshindwa kutunga uzi mara kumi na moja. Sindano ileile, uzi uleule, tundu limehama! Mbuzi aliyelala ng'ambo ya stendi namwona hadi ndevu. Tundu lililo mbele ya pua, hakuna. Mke wangu Joséline kasema ninunue miwani. Mimi? Nani aliyembatiza Zubery jina la Macho Manne hadi soko zima la Mpanda likalishika? Zubery ni fundi cherehani mwenzangu, kibanda chake kinatazamana na changu. Nikivaa miwani, nimekwisha.

Na Jumamosi nakabidhi majoho kumi na mawili ya kwaya. Meupe. Nikiharibu, kazi inavuka barabara na kwenda kwake.

Jumanne, 10 Juni
Redio imeniokoa! Mtaalamu wa lishe kasema mboga za kijani na vyakula vya rangi ya machungwa vina virutubisho vya kusaidia macho. Vitamini A, luteini, sijui nini tena. Nimekunywa soda nne za machungwa kabla ya saa sita. Tundu bado halionekani. Joséline kacheka hadi akakaa chini. Eti walimaanisha karoti, maboga na viazi lishe, na mwili huvipokea vizuri vikiwa na mafuta. Haya, mafuta! Nimenunua lita tano za mawese.

Jumatano, 11 Juni
Asubuhi majani ya muhogo, sombe yetu, kwa mawese. Mchana matembele kwa mawese. Jioni viazi lishe vikiogelea kwenye mawese. Kwetu Katumba tumekula sombe tangu utotoni, na bibi yangu alishona hadi miaka themanini! Joséline kanikumbusha kwamba bibi alikuwa akiniita mimi nimtungie uzi. Mwanamke huyu hana huruma.

Zubery kauliza kwa nini kibanda changu kinanukia hoteli. Nimemwambia Macho Manne aangalie mambo yake.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Nyamizi, mwenyekiti wa kwaya, kaja kujaribu joho la kwanza. Kichwa kimetafuta shingo, kikatokea kwenye mkono. Shingo nilikuwa nimeishona ikafungwa kabisa! Alipochomoka akauliza hivi ni nini mgongoni. Vidole. Vidole vyangu vitano vya mawese, vimejipanga kama nimembariki. Sokoni kote waliviona, isipokuwa mimi. Majoho sita kampa Zubery. Nikikosea tena, sita yaliyobaki yanafuata. Nimeumia sana. Hata sombe ya jioni sikuigusa.

Ijumaa, 13 Juni
Nimekwenda kwa muuguzi wa macho, kwa mlango wa nyuma. Nikamsomea vyote nilivyokula. Kanipongeza. Niendelee, ila kwa kiasi, mboga hizo huenda zikayasaidia macho miaka ijayo. Lakini nina miaka arobaini na nane, lenzi za macho zimekakamaa. Kasema mboga zinatunza macho, hazitungi uzi. Nivae miwani ya kusomea. Nimekataa.

Kurudi, nakuta miwani ya zamani ya Zubery juu ya cherehani yangu, imefungwa kwenye kipande cha kitenge. Dharau iliyoje! Nikaingia nayo chini ya meza, nikaivaa. Uzi ukapita mara ya kwanza. Nimelia kidogo hukohuko chini ya meza.

Jumamosi, 14 Juni
Majoho sita tayari! Nyamizi kageuza kila mshono, hakupata kosa. Nimeshona hadharani, miwani puani. Kelele zikaanza: Macho Manne wa Pili! Zubery peke yake hakucheka. Alivuka barabara akanisaidia kupiga pasi. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kumsogezea makaa ya pasi.

Jumatatu, 16 Juni
Zubery kaja tena, kainama kuniokotea pini. Kwa miwani hii yake naona kila kitu! Nikauona utosi wake: mtupu, unang'aa. Kabla hajainuka nilikuwa nimeshampa jina. Uwanja wa Ndege! Kufika saa nane, hata wauza nyanya walikuwa wanamwita hivyo. Sijafurahi hivi tangu wiki iliyopita ianze kunitesa.

Jioni Joséline kaniambia niinamishe kichwa. Kisha akaenda kuazima kioo cha pili kwa jirani, nijionee mwenyewe.

Kesho nawahi Kakese kwa wakulima wa maboga. Nasikia mbegu za maboga huotesha nywele, na mawese bado yapo lita tatu.