Mkono wa Kulia wa Nesi

Jumatatu, 4 Agosti
Ukurasa wangu, Jicho Halilali, una wafuasi mia mbili! Hakuna anayejua ni wangu. Mimi huyu, ambaye nikitajwa darasani nageuka jiwe. Tunafundishwa kwa lugha mbili, nami nanyamaza vizuri sana kwa zote mbili. Lakini nipe simu uone.

Leo nimewashukia vijana wanaochora ukuta wa zahanati. Picha nimepiga kupitia dirisha la choo chetu. Nesi wao amebeba mtoto, mkono wa kushoto una vidole saba. Nikaandika: angalau mtoto hataanguka. Watu wamecheka mpaka jioni.

Jumatano, 6 Agosti
Mpango: nijifanye mpita njia, nikusanye makosa kwa karibu. Dirisha la choo lina mipaka yake, na Kaka analalamika kwamba nahamia humo.

Nimefika. Nimeegemea ukuta kama mtu asiye na haja. Rangi mbichi! Mgongo mzima kijani. Kiongozi wao, dada wa kidato kimoja mbele yangu, tunamwita Brashi maana brashi haibanduki sikioni kwake, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mdogo wangu, umeshachafuka, basi shika hii. Nikapewa mkono wa kulia wa nesi. Nilitaka kusema siwezi. Nikachora.

Sikugusa simu mpaka jua likazama! Brashi akaniambia njoo tena. Hakuna aliyewahi kuniambia njoo tena, ukimwacha daktari wa meno.

Alhamisi, 7 Agosti
Balaa. Wafuasi wametuma picha ya mkono mpya. Wanauliza Jicho limelala au vipi. Nikaandika kwamba mkono unaridhisha. Wakanirukia! Eti Jicho limehongwa. Mmoja akasema ule si mkono, ni glovu iliyojazwa maji. Mwingine akauliza nesi anauza ndizi bei gani. Watu wakatili namna hii wanatoka wapi?

Kuokoa heshima ya Jicho, nikausema mkono vibaya. Kuokoa heshima ya mkono, nikafungua akaunti nyingine, Mpenda Sanaa. Mpenda Sanaa akamwambia Jicho aache wivu. Jicho akamwita kibaraka. Nilikasirika kwelikweli. Pande zote mbili.

Ijumaa, 8 Agosti
Mtaa umegawanyika. Mwenye duka yuko na Jicho. Mama yuko na Mpenda Sanaa. Amesema mezani kwamba kijana yule kalelewa akaleleka. Nikapaliwa na chai.

Kaka kanivuta kando. Anauliza mbona kila Mama akinituma dukani, wagomvi wale wawili wananyamaza kwa pamoja? Nikakana. Akasema haya, ngoja amuulize Brashi anaonaje. Ili asiseme, nitaosha vyombo mwezi mzima kwa niaba yake.

Jioni, tangazo la Brashi: Jicho na Mpenda Sanaa waje kesho ukutani, kila mmoja apewe brashi na sehemu yake tupu. Wasipokuja, wafunge midomo.

Nikijitokeza, atajua ni mimi niliyekuwa namcheka. Hataniambia tena njoo.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimekwenda kama mimi. Umati! Mwenye duka kafunga duka. Tukasubiri wagomvi. Nami nikasubiri kwa bidii, nikichungulia njia huku na kule. Kaka akawa anakohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa.

Hawakuja. Brashi akasema waoga wakubwa hao, kisha akanipa mimi sehemu zote mbili, kwa kuwa mimi angalau naonekana. Nikachora benchi la wagonjwa wanaosubiri zamu. Wote wametia mikono mifukoni. Brashi akasema lo, umewaza mbali! Nikajibu asante. Kwa sauti! Watu wawili wamesikia.

Nimefuta akaunti zote mbili. Basi tena. Watu, rangi, hewa safi: haya ndiyo maisha.

Jumapili, 10 Agosti
Bado naishi maisha.

Ila mchana kuna mtu kaandika kwamba wagonjwa wale wamefichwa mikono makusudi. Uonevu! Sasa nani amtetee mchoraji? Anahitajika mtu mtulivu, mzito wa maneno, asiye na upande wowote.

Nimefungua Mzee wa Busara. Mfuasi wa kwanza kaingia hapo hapo! Kumbe ni Kaka. Ameandika: shikamoo Mzee, masufuria yanakusubiri.