Uso Wangu Una Umbo Gani?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Habari imefika. Mzee Salat, baba yake Hani, anatoka Habaswein Ijumaa kuja hapa Garissa kunitazama. Si kunisalimu. Kunitazama! Akiridhika, posa inaendelea. Asiporidhika, yuko Mowlid, binamu yangu, mtu wa ofisi, mwenye nywele laini zinazolala zenyewe kama zimeamrishwa. Baba yake Mowlid amekwisha kupeleka neno kwa Mzee. Namchukia Mowlid. Astaghfirullah. Lakini namchukia.

Hani nampenda tangu aliponunua kava ya simu kibandani kwangu katika soko la Suuq Mugdi, akairudisha kubadilisha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mpango ninao. Mtandao unasema siri yote ni kuchagua mkato wa nywele unaolingana na umbo la uso. Mowlid hajui. Mimi najua!

Jumanne, 4 Februari

Maagizo: simama mbele ya kioo, chora ukingo wa uso wako kwa sabuni. Nikachora. Nikarudi nyuma kidogo, uso ukawa mdogo kuliko mchoro. Nikasogea, ukauzidi. Nikachora upya. Nikapata papai. Mtandao unataja duara, yai, mraba na moyo. Papai halimo.

Hooyo, mama yangu, akaingia, akauliza nani amechora kichwa cha mbuzi kwenye kioo chake. Nikamweleza. Akasema uso huu ni wa marehemu baba yangu, na yeye aliolewa na uso huo bila mtu kuuchora.

Kwenye kioo cha pikipiki: duara kabisa. Kwenye kijiko: sijui hata nieleze vipi. Uso wa duara unataka nywele nyingi juu na pande fupi. Uso mrefu unataka kinyume chake. Nikikosea nimekwisha. Kichwa kinaniuma, nacho ndicho kinachotakiwa kupendeza.

Jumatano, 5 Februari

Nimeamua ni duara, kwa sababu kioo cha pikipiki hakina sabuni.

Nikaenda kwa Sugow kinyozi na picha kwenye simu. Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama dalali wa mbuzi anayetafuta kasoro, akasema uso huu ni mrefu. Nikasema ni duara. Akasema haya, kichwa ni chako. Pande akazinyoa zikabaki ngozi, juu akaniachia kichaka. Nikatoka nimependeza, wallahi. Hata Mowlid, aliyekuwa anapita nje, alisimama akanitazama.

Jioni Hani akapita kibandani. Akaziba mdomo kwa shela. Nikadhani ni mapenzi. Akauliza kama namjua baba yake kweli. Mzee hamsalimu kijana aliyenyoa upande wa kichwa akaacha upande. Anasema dini imekataza. Alimrudisha mpwa wake mlangoni kwenye harusi ya dada wa huyo mpwa!

Mtandao haukusema hili.

Hani akaniambia, tena kwa upole, nije tu nilivyo. Sikuelewa. Nilivyo vipi? Ndilo swali lenyewe ninalohangaika nalo tangu Jumatatu.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerudi kwa Sugow. Wembe. Kichwa chote. Hakuna upande wala upande. Hooyo alipoingia akapiga kelele, akauliza ni ugonjwa gani. Jua limenichoma utosi, nimepaka mafuta ya ufuta. Nang'aa hadi naogopa.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee alikuja baada ya swala. Mtu mnene, ndevu nyekundu za hina, macho makali. Mowlid naye alikuja, eti kwa kuwa ni wa familia, akakaa karibu na mlango akinywa chai yetu.

Nilikuwa na kofia. Nilitoka jasho. Nikaivua nipanguse. Mzee akaona kichwa, akaweka kikombe chini, akainuka, akanikumbatia! Akasema Allah aikubali umra yangu. Kijana mdogo hivi, hajaoa, na ameanza na Makka!

Kweli, watu wa umra hurudi na vichwa vimenyolewa. Sikuwa nimelifikiria. Nilipaswa kusema hapana. Nilisema amin. Dua inakataliwaje?

Mzee akaniketisha ubavuni mwake, akasema jambo hili la mimi na Hani halina haja ya kucheleweshwa. Niliona furaha ambayo sijawahi kuiona. Kisha akaomba maji ya zamzam kidogo, goti linamsumbua. Nikasema mzigo uko njiani.

Njiani kutoka wapi, akauliza Mowlid. Juzi tu aliniona kwa Sugow nina kichaka.

Mzee akanigeukia. Nikamwita adeer, yaani ami, nikasema mimi sikusema nimekwenda. Hooyo akasema ni kweli, mwanawe hakusema amekwenda, alisema amin tu, na mzigo. Hakunisaidia.

Mzee akavaa viatu. Nimelia, naandika wazi.

Jumamosi, 8 Februari

Hani amepiga simu. Amelia, akacheka, akalia tena. Amemwambia baba yake kwamba yeye hamtaki Mowlid, hata na nywele zake. Mzee amenung'unika, amekubali kungoja. Amesema hakuja Garissa kutazama nywele. Zikiota atarudi, auone uso wangu wa kweli, na asikie nitasema nini. Hani ameniomba nisifanye kitu. Kitu chochote kile. Nimeapa.

Nimeyafikiria sana maneno ya Mzee. Uso wa kweli. Kumbe ni uso! Nilijua tangu mwanzo. Nilikosea sehemu tu: nilihangaika na juu, kumbe kazi iko chini. Mzee mwenyewe ana uso wa duara kuliko sahani, lakini zile ndevu nyekundu zinaurefusha hadi unatia heshima. Akiniona na zangu nyekundu vilevile, atajiona yeye alipokuwa kijana. Atakataa vipi?

Sidhani hicho ni kitu. Ni ndevu tu.

Nimenunua hina, nimeikoroga kwenye bakuli la Hooyo. Ameuliza ni ya nini. Nimemwambia ya harusi.