Makasi kwenye Mzabibu wa Kihara

Jumatano, 26 Februari 2025. Naivasha.
Mjukuu wangu Lynn, aniitaye Guka, anaolewa Desemba. Hataki soda mezani, anataka divai ya zabibu za nyumbani. Mwenye divai bora atainua glasi ya kwanza mbele ya mtaa mzima. Nilifukuzwa Molo kwenye ghasia za mwaka 1992 na kufika hapa na sufuria moja na sanduku la vitabu, na mpaka leo wananiita mgeni. Glasi hiyo ni yangu. Lakini jirani yangu Kihara naye anaitaka. Mizabibu yetu ina umri mmoja, na yote ni majani matupu. Kitabu changu, kilichoandikwa Ulaya, chasema mzabibu hulala wakati wa theluji, kisha huzaa. Nangoja baridi ya Julai.

Jumapili, 2 Machi.
Nimemwambia mke wangu Wamaitha kwamba kichwa kinaniuma. Amekwenda kanisani. Kihara pia. Nimepenya ua wake na makasi. Waya umenirarua suruali ya kaki pajani. Nimepukutisha kila jani, nimekata kila tawi. Nilikusudia kufyeka mpaka shina, kiuno kikagoma, hivyo kila tawi limebaki kipande chenye macho mawili ya kuchipua. Hakuna neno. Mzabibu uko uchi kama kuku wa Krismasi.

Jumatano, 26 Machi.
Kihara halalamiki. Anapiga mluzi. Nimechungulia: machipukizi kila mahali, na vishada vidogo vya maua. Wamaitha ameniuliza tangu lini nimekuwa askari kanzu. Nimesema natazama ndege.

Jumamosi, 9 Agosti.
Kihara amevuna ndoo kwa ndoo. Ametuletea kikapu. Anasema kwenye shamba la maua alikofanya kazi walimwambia zamani kwamba huku hakuna theluji, mzabibu hulazwa kwa makasi. Lakini wake ulipandwa na marehemu mkewe, hakuwa na moyo wa kuukata. Sasa malaika amemkatia. Akaongeza, macho yakiwa kwenye paja langu, kwamba malaika huyo alisahau kipande cha kaki kwenye waya. Wamaitha amecheka mpaka akakaa chini.
Wangu umetoa vishada vitatu, vichachu. Nimevikamua hivyo hivyo.

Jumamosi, 13 Desemba.
Harusi. Divai ya Kihara ilikuwa nyekundu, safi, inashuka yenyewe. Bwana harusi, Kipkemoi, alionja yangu, akasema, "Guka, hii imekuwa siki," kisha akaimimina kwenye kachumbari. Kachumbari iliisha kabla ya nyama.
Kihara aliniita mbele tuinue glasi ya kwanza pamoja. Aliniita ndugu yake, na watu wakapiga makofi. Nilikataa. Sipokei makombo ya mshindi.
Nimerudi kwenye vitabu. Samadi ikizidi, chasema kimoja, huunguza mizizi. Nimeagiza mkokoteni mzima wa samadi ya ng'ombe, iliyoiva vizuri. Jumapili, Kihara akiwa kanisani, itamwagwa yote shinani pa mzabibu wake. Mzabibu wangu hauguswi. Unangoja baridi.