Pua ya Ndege na Kitenge cha Mama Mkwe

Jamani, mimi Maduhu leo nimeaibika mchana kweupe, nikiwa na bukta, mbele ya mama mkwe mtarajiwa. Kama bado ni mtarajiwa. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani, maana Bariadi hii habari haisubiri bodaboda.

Wengi mnajua nina ugonjwa wa ndege. Zile za plastiki, zinakuja vipande vipande ndani ya boksi, unaunganisha kwa gundi, unapaka rangi, unaweka juu ya kabati. (Ndiyo, nina ndevu. Endeleeni kusoma.) Hii ya sasa ni ya panga boi mbili, nimeisubiri kutoka Dar mpaka nimekonda. Kufungua boksi, nikailinganisha na picha za ndege yenyewe. Lahaula! Pua imekosewa! Ya kweli imechongoka, yao butu kama pua ya ng'ombe. Kiwanda kizima, watu na elimu zao, wameshindwa pua.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikachukua msumeno.

Sasa, leo ndiyo ilikuwa siku ya mama yake Kabula kuja kuniona. Kabula ni mchumba wangu, kwao Kasoli. Posa nimeshapeleka, jibu halijatoka. Mama alisema baba mtu asijibu kitu mpaka yeye aje na shangazi yake Kabula, waone kijana anaishi vipi. Asubuhi Kabula akanipigia simu.

"Maduhu, lile dege umelificha?"

"Nimelificha."

"Wapi?"

"Pazuri."

(Lilikuwa mkononi.)

"Nakuomba sana. Mama kashaambiwa unachezea midoli. Akilikuta hapo, baba atasema hapana, na mimi sitakuwa na la kujitetea."

"Ondoa shaka, mpenzi."

Na kweli nilitaka kulificha. Nyumba nilishafagia, kuku yuko jikoni, soda ziko kwenye maji, shati jeupe limepigwa pasi linaning'inia mlangoni. Wageni walisema saa nane. Saa sita mimi sina kazi. Mtu mzima ukae tu unaangalia ukuta? Nikasema nipige msasa kidogo. Kidogo tu.

Pua nilishaikata jana, nikaisogeza mbele ili ichongoke, likabaki pengo. Pengo unajaza fila, ileile ambayo mafundi wanazibia bodi ya gari ikibonyea. Ikikauka unasugua kwa msasa na maji mpaka umbo likae. Nikajaza. Nikasugua. Maji kwenye beseni yakawa kama uji. Na mimi nikawa mweupe kuanzia nyusi mpaka magoti. Fila ikaisha, pengo bado linanicheka. Nikampigia fundi anayeniuziaga, kumbe yuko msibani Lalago.

Hapo ndipo akili yangu ya Kisukuma ikaamka. Sebuleni kwangu kuna magunia ya pamba ya mama yangu. Kayaleta kutoka Sapiwi, anasubiri ununuzi ufunguliwe. Na kwetu pamba ni jibu la kila kitu. Mto umelegea? Pamba. Kidonda? Pamba. Dirisha linapitisha vumbi? Pamba. Mama huwa anasema pamba haijawahi kumwangusha. (Bei ndiyo inamwangusha, pamba yenyewe haina kosa.)

Nikachomoa donge, nikatoa mbegu, nikalishindilia ndani ya pua. Likakaa vizuri ajabu! Nikaona niligandishe kabisa, nikachukua kichupa cha gundi ya supaglu. Sikudondosha. Nilimimina.

Kuna jambo shuleni hawakutuambia, au walituambia siku niliyotoroka. Supaglu na pamba haviivi chungu kimoja. Ghafla pua ikapata joto. Nikasema labda ni jua. Jua gani ndani ya nyumba? Moshi ukaanza kufuka, mweupe, unachoma macho, na plastiki inalainika vidoleni mwangu. Nikageuka nyuma. Magunia ya pamba ya mama yangu, yamepangwa mpaka karibu na dari.

"Yesu na Maria!"

Nikaitupa dirishani.

Ndugu zangu, ndege ile haikutengenezwa iruke. Ni pambo. Lakini leo iliruka! Ilinyooka ikapita juu ya kamba ya nguo, moshi unaifuata nyuma, ikatua karibu na geti. Nikanyanyua beseni la maji ya msasa, nikatoka mbio na bukta na singlendi, napiga kelele "Moto! Moto!" Macho yamejaa moshi, naona nusunusu. Nikamwaga beseni lote kwa nguvu zangu zote.

Maji yakaizima ndege. Yaliyobaki yakaendelea na safari.

Getini alikuwa amesimama mama yake Kabula. Kitenge kipya. Kilemba kimekaa barabara. Amefika mapema. (Nani anafika mapema siku hizi? Nauliza, nani?)

Kwa wasiojua: kwetu mama mkwe humpi mkono. Humkazii macho. Mkikutana njiani unampisha kwa mbali. Mimi nimemwogesha.

Maji ya fila yanamtiririka kutoka kwenye kilemba mpaka kidevuni. Nyuma yake shangazi, mkavu kabisa, amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanamcheza.

Mama hakunisemesha mimi, heshima haimruhusu. Akamgeukia shangazi.

"Wifi, muulize huyu kijana, kwao ndivyo wanavyopokea wageni?"

"Wifi anauliza," shangazi akaanza, "kama kwenu..."

"Nimesikia, shangazi. Mwambie mama shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Marahaba. Muulize hicho kinachofuka ni nini."

"Mwambie ni ndege, shangazi. Nilikuwa nairekebisha pua."

"Muulize, pua ilivunjika?"

"Hapana. Ilikuja nzima, ila walikosea umbo."

Mama akajipangusa jicho moja. "Kwa hiyo kanunua kitu kizima, akakikata."

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Nilikikata."

"Basi muulize la mwisho. Kabula ana pua ya baba yake, nayo siyo ya kuchongoka. Tukimpa mwanangu, atamletea na yeye msumeno?"

Hapo shangazi alishindwa kazi. Alikaa juu ya tofali pale getini akacheka mpaka machozi. Mimi nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba pua ya Kabula haina kosa. (Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Na fila ilishaanza kunikaukia usoni, hata kutabasamu nilishindwa.)

Nikaoga, nikavaa shati langu jeupe, la nini sasa? Kuku walimla mzima, soda walikunywa. Mama alikula ndani pembeni ya magunia, amejifunga khanga ya shangazi. Mimi nilikula nje na aibu yangu. Wakati wa kuondoka shangazi akaiokota ndege, pua imepinda kuelekea chini, akaifunga kwenye kitambaa.

"Hii inakwenda Kasoli," akasema. "Kaka yangu atajibu posa yako akiwa ameishika mkononi."

Walipoondoka nilikaa mlangoni nikashindwa hata kuosha vyombo. Nampenda yule msichana, jamani. Na nimempoteza kwa sababu ya pua ya plastiki. Nilitaka kulia kweli kweli.

Jioni hii simu ikaita. Kabula, ananong'ona.

"Maduhu, baba kaiona ndege."

"Kasemaje?"

"Mama alimsimulia yote, baba macho kwenye ndege tu. Kaigeuza, kaitazama mabawa, katazama mkia. Kisha akasema aliyetengeneza hii ana mkono, ila pua kaiharibu."

"Halafu?"

"Kajifungia nayo chumbani na msasa. Kaitwa kula, kagoma. Mama kanuna, anasema alikuwa na kichaa mmoja, sasa ana wawili."

Mmesikia? Wawili! Mimi tayari nimehesabiwa!

"Na kasema uje Jumapili na wazee wako," Kabula akaendelea, "na ubebe hizo picha za ndege ya kweli."

"Nakuja! Hata leo nakuja! Mwambie tu aiache, lile pengo la pua bado halijajazwa."

"Pengo lisikutie wasiwasi, kashalijaza. Pamba si imejaa humu ndani? Sasa anavaa viatu, anakwenda dukani kununua supa..."

Simu ikakata. Napiga, haipatikani. Napiga tena, haipatikani.

Chekeni mnavyotaka, nimewasamehe wote. Ila mwenye ndugu yeyote Kasoli namwomba kwa magoti, amkimbilie mzee kabla hajatoka dukani, amwambie mkwe wake amesema hivi: asimimine!