Majini Elfu Ishirini

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu. Hata Bibi, ambaye nalala naye chumba kimoja na anajua mpaka ndoto zangu. Leo saa nne asubuhi nimeiba kijiko na kukilamba.

Niandike vizuri, nisije nikajidanganya mwenyewe. Kijiko cha mtindi. Cha Spika. Spika ni msichana wa darasa letu, anaitwa hivyo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mimi naitwa Kimya. Mwaka jana nilipanda jukwaani kusoma ukurasa mmoja, nikasimama dakika nne nikitazama feni. Neno halikutoka. Hata salamu!

Sasa mwalimu wa baiolojia amenichagua tena. Ijumaa, mbele ya shule nzima na wazazi, nieleze jinsi bakteria wa tumboni wanavyoongoza jeni zetu. Nikinyamaza, nafasi yangu katika klabu ya sayansi anapewa Spika. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma. Klabu ndiyo mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza mbona siongei.

Ila dawa kanipa mwalimu mwenyewe. Alisema jeni ni kama kitabu tulichorithi: maneno hayabadiliki, lakini si kila ukurasa unasomwa. Bakteria wakisaga mabaki ya chakula hutoa kemikali, na kemikali hizo husaidia kuamua ukurasa upi ufunguliwe, upi ufungwe. Tena wanaokaa nyumba moja hugawana bakteria, matumbo yao yakaanza kufanana.

Basi! Ukurasa wa kusema ninao. Umefungwa tu. Nahitaji bakteria wa mtu ambaye wake haufungiki.

Kijiko kilikuwa kwenye meza ya maabara, kando ya kopo tupu la mtindi, pale alipokuwa amekaa Spika. Kilikuwa na ladha ya chaki. Sikujali. Sasa kimo katikati ya daftari hili.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna kitu. Nimemsalimu muuza duka, sauti imetoka kama bawaba ya mlango.

Saa nane, kipindi cha hesabu, tumbo likanguruma. Si kwa njaa. Mara tatu, ya tatu ikipanda juu kama swali. Jirani yangu wa dawati akauliza nimesema nini. Nikamwambia sijasema kitu. Tumbo likarudia.

Jioni nimempa Bibi hotuba anipigie chapa. Bibi alikuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini na tisa, na hajawahi kuacha kosa lipite. Sayansi tunasoma kwa lugha nyingine, kwa hiyo Kiswahili nimekitafuta neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele gizani. Bibi akauliza hii jeni ni mdudu gani. Nikamweleza: iko ndani ya kila mtu, tunairithi kwa babu na bibi, inaweza kulala miaka mingi kisha ikaamshwa.

Bibi akavua miwani. Akasema, "Ala! Kumbe siku hizi mnafundishwa." Akachukua karatasi.

Jumatano, 5 Machi

Nimekula chaki. Nusu kipande, nyeupe. Nilikuwa nafuta ubao, mkono ukaenda wenyewe. Tamu! Haipaswi kuwa tamu.

Nikajipa moyo kwamba ni dalili njema, Spika lazima anakula chaki kwa siri. Nimemchunguza mapumziko mazima. Anakula biskuti. Na zile ngurumo sasa zimekuwa wimbo, naziimba puani bila kujijua. Mm, mm, mmm? Spika akageuka. "We Kimya, acha huo wimbo bwana, unanisisimua nywele." Ni sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kunipa. Nimefurahi kidogo.

Kikombe changu cha chai kamalizia Bibi. Huwa anafanya hivyo.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa!

Tuna mtunza maabara tunayemwita Mzee Kivuli. Hasemi. Miaka mitatu niko hapa, sijawahi kumsikia akitamka hata "karibu". Leo nimekwenda peke yangu kurudisha hadubini. Nikamkuta kwenye kiti kilekile alichokalia Spika. Kopo la mtindi. Vidole vyeupe. Akakata kipande cha chaki kwa meno, akatafuna, akaimba puani: mm, mm, mmm?

Tumbo langu likamjibu. Kwa nguvu!

Hakushtuka. Akanitazama tumbo kwanza, uso baadaye, akatabasamu kama mtu aliyepokea ndugu kutoka safari. Kisha, kwa sauti ya karatasi, akaniuliza kijiko chake nimekiweka wapi.

Nimekimbia. Yaani katika vinywa vyote vya shule hii nimelamba kile kisichosema! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakufika tumboni.

Bibi kanipa hotuba ndani ya bahasha. Kasema amerekebisha tahajia na upatanisho wa sarufi, maana mwalimu wangu atatuaibisha. "Mke mwenzangu, soma ilivyo. Watu waambiwe ukweli." Akatoka.

Akawa anaimba puani. Wimbo uleule.

Ijumaa, 7 Machi

Jukwaa. Feni. Bibi safu ya tatu. Mzee Kivuli mlangoni.

Nikifikiri, nanyamaza. Kwa hiyo sikufikiri. Nikafungua bahasha, nikashusha macho, nikasoma kilichoandikwa:

"Ndugu wazazi, kila mmoja wenu ana majini elfu ishirini mwilini. Wengi wamelala. Tumewarithi kwa mababu zetu. Na tumboni mwenu wamo wadudu wanaowaamsha mmoja mmoja."

Nikasikia nilichosema. Nimekwisha! Bibi alidhani jeni ni jini nililokosea kuliandika. Tena kapatanisha kila sentensi, hakuna pa kutokea.

Lakini hakuna aliyecheka. Feni ilisikika. Mama mmoja akaweka mkono tumboni, akafuata wa pili, hadi safu nzima. Mtoto akaanza kulia, akazibwa mdomo. Mwalimu kafunika uso kwa faili. Spika mdomo wazi, na hakitoki kitu! Nikaenda mpaka nukta ya mwisho: "Mkitaka majini wazuri waamke na wabaya waendelee kulala, kuleni mboga kwa wingi."

Kimya.

Ndani ya kimya hicho tumbo langu likauliza. Mara tatu. Mlangoni likajibu moja. Safu ya tatu, la Bibi. Na nyuma kabisa, kwa watu nisiowajua, likajibu jingine.

Mwalimu kaniita pembeni. Kasema hawezi kukana kwamba nimesema. Nafasi ni yangu, kwa sharti moja. Jumatatu nirudie, wazazi walewale wataitwa, nitamke jeni. Bila karatasi. Bibi hakubali kosa. Kasema jeni haimo katika kamusi yake, na kamusi yake haijawahi kumwangusha.

Jumamosi, 8 Machi

Saa tisa alasiri. Mama yuko kazini. Bibi kaenda dukani kununua chaki. Anasema ni za kuua mchwa.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina na kosa nimeliona. Moja tu: sikuhakikisha mwenye kijiko. Sayansi yenyewe haina tatizo. Bakteria wa mnyamavu wamenifikisha nukta ya mwisho, je wa msemaji? Nimemwalika Spika kesho, tule mtindi, tusahau yaliyopita. Kijiko chake nimekifunga uzi mwekundu. Safari hii haiwezekani kukosea.

Mzee Kivuli simrudishii chake. Huenda kikafaa kwa jambo lingine.

Kuna mtu sebuleni. Si Bibi, Bibi huburuta ndala. Hivi ni viatu, polepole. Mlango wa nje nilifunga. Nadhani nilifunga. Anaimba puani. Mm, mm. Amesimama nje ya chumba, hamalizii.

Tumbo langu linamalizia.

Kitasa kinazunguka, naficha huu ukurasa chini ya go