Ndege Mpotevu na Shahidi wa Pili

Jumatano, 4 Novemba
Dereva wa lori la maziwa kaja kupunguziwa suruali. Nikiwa na pini mdomoni, akanisimulia habari za ndege mdogo asiyemjua, kwenye bwawa la ng'ombe mwisho kabisa wa njia yake. Kifua rangi ya kutu, miguu ya manjano, mdomo umepinda juu. Nusura nimeze pini. Kwao ni ng'ambo ya bahari huyo! Upepo umempoteza, maskini, na kupotea kwake ndiyo bahati yangu.

Kitabu cha chama chetu cha watazamaji ndege kina ukurasa wa wagunduzi. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye duka la dawa, jina lake limo mara tatu. Langu halimo. Kila tukila pamoja lazima autaje ukurasa huo. Sasa basi.

Alhamisi, 5 Novemba
Nimempitia shemeji dukani, nikamdokezea kwa siri kubwa kwamba kuna ndege wa ajabu kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Akajifanya hajali. Nilipochungulia dirishani alikuwa anafuta darubini. Nimecheka njia nzima.

Jioni nimeshona kibanda cha kujifichia, kijani kibichi. Mke wangu kauliza pazia la sebuleni liko wapi. Nimemjibu liko kwa fundi. Si uongo, fundi ni mimi.

Ijumaa, 6 Novemba
Nimefika bwawani kwa lori la maziwa. Kosa moja dogo: huku ni kiangazi, nyasi zote kahawia. Kitu cha kijani kilikuwa kibanda changu tu. Ng'ombe walikuja wote. Mmoja alianza kukitafuna, paa kwanza.

Mama mwenye ng'ombe alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kale kandege huja kila asubuhi kunywa maji, wala hakaogopi watu. Kanipa maziwa na pa kulala. Mabaki ya pazia nimejifunga shingoni, kuna baridi.

Jumamosi, 7 Novemba
NIMEMWONA! Hatua kumi tu! Alikunywa, akanyoosha bawa moja, akanitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Nimelia, wala sioni haya.

Halafu nikakumbuka Kanuni ya Saba: ndege mpya hahesabiwi mpaka aonwe na wanachama wawili kwa pamoja. Kanuni hiyo niliipendekeza mwenyewe mwaka jana, kumkomesha shemeji. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mama mwenye ng'ombe alijitolea kushuhudia, lakini si mwanachama. Wanachama tuko tisa, na wa karibu alikuwa mmoja tu: yuko machimboni, upande wa pili wa kilima, nilikompeleka mimi.

Nilikipanda kilima mbio. Nikamkuta juu ya jiwe, pua imebabuka kwa jua, anatazama mijusi siku ya pili. Nikamwambia ndege kahama. Alikuwa anatazama shingo yangu. Pazia lile alimnunulia dada yake yeye mwenyewe.

Alinipakia kwenye pikipiki yake, akanitukana kilima chote tukishuka. Tulipofika bwawani akalikatiza tusi katikati. Ndege alikuwa palepale, kati ya miguu ya ng'ombe. Shemeji akanishika mkono, akasahau kuuachia. Tulikaa hivyo kama saa nzima, tukiwa na furaha tupu.

Jumapili, 8 Novemba
Katibu wetu, karani mstaafu wa posta, kaandika. Majina hupangwa kwa umri. Shemeji kanizidi wiki mbili, kwa hiyo yuko juu. Lakini langu limo! Nimelisoma mara sita. Mke wangu kanipongeza, kisha akanionyesha dirisha tupu. Nimemwahidi kwamba hila nimeacha kabisa.

Jumatatu, 9 Novemba
Dereva wa maziwa kaja kuchukua suruali yake. Kuna bundi mweupe ghalani kwa dada yake! Shemeji nimemwambia yuko bwawani. Safari hii nimefikiri mbele, shahidi ninaye, nimemwandikisha chamani leo asubuhi: mama mkwe. Humwambia shemeji, mwanawe, kila kitu, lakini hili kaapa hatamwambia. Nimeanza kukata pazia la chumbani.